Mbwa wa Kiseke Asiyekula Samaki

Vijana wangu wa idara, siku mliyoniaga mlinipa mabati, mkanifunga kitenge, na mkuu wenu akasema mbele ya wote kwamba mimi ni hazina. Baada ya hapo gari la kunirudisha nyumbani likakosa mafuta, hazina ikapanda bodaboda, mabati yakafuata siku nyingine. Mliniomba niandike machache ya kazini yatakayowasaidia. Sasa nina muda, nimeandika. Vyeo na mishahara nimeviruka. Havikuchukua nafasi kubwa maishani mwangu na sioni kwa nini vichukue nafasi hapa. Nitawaeleza ng'ombe kidogo na mbwa zaidi, hasa mbwa mmoja wa Kiseke ambaye nusura nimuue kwa idhini ya mwenye nyumba.

Nilianzia Kisesa. Nilifika na cheti kipya, buti mpya na kipimajoto kwenye kibweta chake. Mfugaji wa kwanza alinitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akauliza, "Daktari mwenyewe anakuja saa ngapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akasema hakuna shida, tumsubiri tu, huenda yuko njiani. Tukamsubiri huyo daktari, mimi na yeye, tumekaa kwenye gogo, mpaka ng'ombe mwenyewe akachoka na adabu zetu akaanza kuzaa. Ndama alikuwa amekuja vibaya, miguu ya nyuma imetangulia. Nilipomtoa akiwa hai, mzee alimshukuru Mungu, akamshukuru ng'ombe, na mimi akaniuliza kama nimeshaolewa. Nilirudi nyumbani na furaha kubwa, buti zikiwa si mpya tena.

Mbwa kule Kisesa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa walinzi, na mlinzi akiugua anabadilishwa. Tulikutana nao wakati wa chanjo ya kichaa cha mbwa tu, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mbwa wa kwetu hapewi jina ili aitwe, anapewa jina ili jirani asikie. Nilijaza kadi za mbwa waitwao Watachoka, Siulizwi, Tutaonana, Mnanionea. Ukitaka kujua nani kagombana na nani kitongojini, usihangaike na mwenyekiti. Kaa barazani jioni usikilize watu wanavyoita mbwa wao kula. Mama mmoja alikuwa na mbwa aitwaye Wataachana, na kila jioni alimwita akiwa ameelekeza uso kwenye dirisha la mkwewe.

Baadaye nikahamishiwa mjini, Ilemela, chini ya Dakta Bundala. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye imani moja tu maishani: sindano ya upele. Mbwa akijikuna, sindano. Asipopona, sindano. Asipopona tena, Bundala alimpa mwenye mbwa pole na kumshauri afuge kuku. Lakini macho yake yalikuwa mazuri kuliko mkono wake, na macho hayo alinigawia. Alikuwa akiniambia, "Usimuulize mtu mbwa wake anaumwa nini, atakupa habari za jirani. Mwangalie mbwa anajikuna wapi." Mwenye viroboto hujitafuna kiunoni, karibu na mkia. Mwenye upele huanzia pembe za masikio na viwiko, na wiki hiyo hiyo mwenye nyumba naye anaanza kujikuna akidhani ni mbu. Ila yupo mbwa wa tatu. Huyo hulamba nyayo mpaka manyoya yanakuwa na rangi ya kutu, masikio yananuka, tumbo na kwapa vinabaki uchi, tena mwaka mzima, masika na kiangazi, wakati mwingine na kuharisha juu yake. Huyo, alisema Bundala, muulize anakula nini. Kisha akamchoma sindano ya upele.

Vifaa vyetu vilikuwa kisu butu cha kukwangulia ngozi na hadubini iliyovunjika mguu mmoja, tukauwekea kiberiti chini yake. Ukimaliza kuangalia, ilibidi uhakikishe hakuna mtu anayetaka kuwasha jiko la chai, maana kiberiti kikiondoka hadubini inaanguka. Kwa kifaa hicho niliona wadudu wengi, na muhimu zaidi, nilijifunza kukubali nisipowaona. Kukwangua mara kadhaa na kukosa mdudu ni jibu pia, ingawa wateja hawapendi kulisikia.

Sasa nije kwenye chakula. Mtaambiwa kuna vipimo vya damu vya kuonyesha chakula kinachomdhuru mbwa. Msivitegemee. Kipimo cha kweli ni sufuria. Unampa mbwa nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, pamoja na wanga wa aina moja ambao hajauzoea, na humpi kingine chochote kwa wiki zisizopungua nane. Akipona, unamrudishia chakula cha zamani. Akianza kujikuna tena, umempata mchawi. Kitabu changu cha chuo kilipendekeza nyama ya kulungu. Nilimsomea Dakta Bundala, akauliza kama mwandishi anafuga mbwa au anafuga balozi. Kwetu hakuna haja ya kwenda mbali namna hiyo. Kule Kisesa nyama ambayo mbwa hajawahi kuila ilikuwa ya ng'ombe, na mwenye mbwa naye angefaa kwa jaribio hilo hilo.

Ugumu haupo kwenye nyama. Ugumu upo kwenye maneno "humpi kingine chochote." Hapo ndipo nilipokwama kwa miaka mingi, nyumba baada ya nyumba, na hapo ndipo anapoingia yule mbwa wa Kiseke.

Aliyeniita ni bwana Ferdinand, mtu wa ofisi, mjumbe wa kila kamati ya mtaa inayokaa kwenye viti vya plastiki. Nyumba yake ipo juu ya miamba, ina malumalu mpaka kwenye ngazi. Alinipokea getini kwa heshima zote.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Si mgonjwa wa kutibu. Nimekuita umlaze asiamke. Kipaimara cha binti yangu kinakuja, siwezi kulisha wageni pilau huku mbwa ananuka uani. Halafu Jema mwenyewe ameanza kutoka vipele usoni. Ni huyu huyu mbwa."

Nikamtazama Jema, aliyekuwa mlangoni na vipele vyake viwili vya shavuni. Umri wake ulikuwa ule wa vipele.

Mbwa aliitwa Hayawahusu. Jina alipewa na mke wa Ferdinand, Mama Jema, baada ya jirani yao, Mama Salome, kuuliza mbele ya watu yale malumalu yametoka wapi. Tangu hapo kila jioni ukuta wa Mama Salome ulipokea jibu: "Hayawahusu! Hayawahusu, njoo ule!" Ila mbwa hakuwa akija. Alikuwa akimtazama bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka kivulini, mpaka bibi aseme taratibu, "Ija hanu," ndipo anainuka.

Huyo bibi alikuwa Ma Koku, mama yake Ferdinand. Walimleta kutoka Muleba baada ya kumzika mumewe, na mbwa akapatikana mwaka ule ule akiwa kitoto. Nyumba nzima inaongea Kiswahili. Jema anachanganya na Kiingereza cha shule. Kiswahili cha Ma Koku kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia ndizi. Kwa hiyo alimlea mbwa kwa Kihaya na kutwa nzima aliongea naye: habari za migomba aliyoiacha, za marehemu, za goti lake. Nilimuuliza Ferdinand kwa nini yeye haongei na mama yake.

"Kihaya? Dakta, nikitoka kazini nimechoka. Halafu kimeshanitoka zamani."

Ma Koku alisikia. Akamvuta mbwa karibu, akaniambia kwa Kiswahili chake, ambacho humu ndani nakinyoosha, "Mwanangu, ukimdunga huyu, na mimi unidunge. Nitaongea na nani humu?"

Nimewahi kusikia watu wakiwalilia ng'ombe wa mahari. Sauti ya yule mama iliniuma zaidi. Nikapiga magoti kwenye malumalu, nikamwangalia mbwa. Nyayo rangi ya kutu. Masikio yananuka kuliko soko la samaki saa tisa. Tumbo uchi. Hakuna kiroboto. Nikakwangua ngozi mahali kadhaa, nikaenda kuangalia, hakuna mdudu. Nikarudi kumwambia Ferdinand kwamba mbwa hajamwambukiza mtu chochote, kwamba ya Jema yataisha yenyewe, na kwamba naomba nafasi ya miezi iliyobaki mpaka kipaimara. Akafikiri sana, kama mtu wa kamati.

"Na asipopona?"

"Nitakuja na sindano mimi mwenyewe."

"Umeahidi, Dakta."

Nikaahidi. Nikawakusanya sebuleni nikawaambia mbwa ana aleji ya chakula. Neno lile walilipokea vizuri sana. Watu wa mjini wanaipenda aleji. Mama Jema mwenyewe alinitajia anayo ya vumbi, ya jua na ya mawifi. Ma Koku akauliza aleji ni nini. Jema akamjibu, "Ni ule ugonjwa wa watu wa kwenye televisheni, bibi." Bibi akatikisa kichwa kwa huruma, akiwahurumia watu wa kwenye televisheni.

Mbwa huyu maisha yake yote alikula ugali, dagaa na mapanki, yaani yale mabaki ya sangara baada ya minofu kwenda Ulaya. Kwa hiyo vyote vya ziwani nikaviondoa, na ugali pia. Nikaagiza sungura na viazi vitamu. Mfugaji pekee wa sungura mtaa ule alikuwa nani? Mama Salome. Mama Jema alikwenda kugonga geti la jirani baada ya kimya cha muda mrefu, akaeleza shida yote, Mama Salome akamsikiliza kwa utulivu mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Si mlisema hayanihusu?"

Lakini sungura aliwauzia. Ferdinand alilalamika kila jioni kwamba mbwa anakula sungura yeye anakula dagaa, sasa mwenye nyumba ni nani. Nikamwambia mwenye nyumba ni yule asiyejikuna.

Baada ya wiki kadhaa nikapita kuangalia. Masikio yalinuka vile vile. Nyayo zilikuwa zimelowa mate. Nikauliza kama kuna mtu amempa kitu kingine. Mama Jema akaapa kwa jina la mama yake. Ma Koku akatazama migomba ya jirani. Ferdinand alikuwa tayari amefungua simu kuangalia tarehe. Hapo Hayawahusu akasogea, akakohoa, akatapika mbele ya buti zangu. Vijana, nyama iliyosagika inaweza kuwa ya mnyama yeyote, lakini dagaa huliwa na macho yake. Tulikuwa tumesimama pale wote watu wazima, na dagaa wanatutazama.

"Nilimpa kidogo tu," akasema Ma Koku. "Alikuwa ananiangalia."

"Mama, nilisema asipewe!"

"Mbwa wa ziwani kumnyima samaki, hiyo ndiyo dawa gani?"

Nilikuwa nimechoka na jua, na nilikuwa nimekasirika kweli, maana ahadi ya sindano ilikuwa yangu, si yao. Katika hasira neno likanitoka, neno la kwenye mabango ya semina zetu, ambalo sijawahi kumsikia mteja yeyote akilitumia. Nikapaza sauti: "Mama, huyu mbwa ana mzio! Ana mzio wa samaki!"

Fimbo ya Ma Koku ikaanguka kwenye malumalu.

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya. "Omuziro? Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

Kwa ambao hamjakaa na Wahaya, nieleze. Kila ukoo kwao una mnyama, au samaki, au kitu kingine ambacho watu wake hawaruhusiwi kula. Ndio omuziro wao. Mtu huzaliwa nao, huulizwa kabla ya kuchumbia, na huuheshimu hata akiwa na njaa. Neno letu la mzio, kabla halijavaa koti jeupe, lilikuwa na maana hiyo hiyo: kile ambacho mtu amekatazwa kula. Sisi wataalamu tulilichukua, tukalipiga pasi, tukalibandika kwenye mabango, halafu tukarudi kusema aleji.

"Kwetu anayekula omuziro wake ngozi inamchanika," Ma Koku akaendelea, akimgeuza mbwa tumbo. "Anajikuna mpaka damu. Si haya haya? Sasa nani alikuwa anamlisha huyu mtoto samaki miaka yote?" Akatuangalia mmoja mmoja kwa ukali, mimi nikiwemo. "Dakta, ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia kwamba baba yake hajulikani, Kiseke mbwa hawaachi majina.

"Basi upande wa mama," akasema, na jambo hilo akalifunga.

Sikumrekebisha. Ningemrekebisha nini? Chakula kinachokatazwa, kosa linaloonekana kwenye ngozi, tiba yake kuacha kabisa: kwa nusu saa nilikuwa nimeshindwa kueleza hayo kwa aleji, na yeye aliyajua tangu utotoni. Alimwagiza Mama Jema kusugua sufuria ya mbwa kwa majivu na kuitenga. Akaita kupitia ukutani mpaka Mama Salome akaja, akawaketisha wote, akawatangazia kwamba mbwa wa nyumba hii ana mwiko wa vyote vitokavyo ziwani, na atakayemvunjia atajibu mwenyewe.

Hapo ndipo ungamo lilipoanza. Mama Jema akasema alikuwa akimlainishia viazi kwa mchuzi wa dagaa, kwa sababu sungura peke yake alimwona kama chakula cha mfiwa. Mama Salome akasema yeye alikuwa akimrushia vichwa vya samaki juu ya ukuta. "Jamani, mbwa alikuwa anakonda. Tena kwa sungura wangu mwenyewe!" Kumbe mgonjwa wangu alikuwa akipata mlo kamili wa ziwani kutoka pande tatu, na sungura kama kitafunwa.

Kuanzia siku ile hakuna aliyethubutu. Aleji waliivunja kila siku bila kuona aibu; omuziro walikuwa wakiuangalia kwa mbali kama nyaya za umeme. Mama Salome alihamisha mpaka jiko lake la kukaangia. Polepole Hayawahusu akaacha kulamba nyayo. Masikio yakakauka. Manyoya yakaota tumboni, kwanza kama vumbi, baadaye kama manyoya. Wiki moja kabla ya kipaimara nilimkuta amelala chali juani, Ma Koku akimsimulia jambo refu, na nikafurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kitaalamu, hata hivyo, kazi ilikuwa haijaisha. Msisahau hatua ya mwisho: lazima urudishe chakula cha zamani uone. Bila hivyo huwezi kusema kwa hakika. Nikamweleza Ma Koku kwamba sasa tumpe samaki kidogo, makusudi.

Alimvutia mbwa mapajani. "Nimvunjishe mwiko makusudi, nione kama ataadhibiwa? Mwanangu, wewe unasali?"

Nikaliacha. Ferdinand alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni. "Kwa hiyo Dakta, uhakika huna."

"Uhakika wote, hapana."

"Basi ni imani za kijijini tu," akasema, na akaonekana kuridhika sana, kama mtu aliyeshinda hoja kwenye kikao.

Kipaimara nilialikwa ila nilikuwa na msiba Kisesa, sikwenda. Haukupita muda mrefu simu ikaita. Alikuwa Ferdinand, sauti kavu. "Dakta, imerudi. Masikio, harufu, vyote. Mimi nilikupa nafasi kama tulivyokubaliana. Sasa na wewe timiza yako. Leo."

Niliweka sindano kwenye mfuko. Nimewalaza wanyama wengi, na kwa wengi wao nililala usingizi mzuri baadaye. Siku ile nilipanda ule mlima wa Kiseke nikitamani mtu anisimamishe aniulize chochote. Kilichoniuma si mbwa peke yake. Niliwaza yule mama atakavyokaa kwenye mkeka kesho yake, na kimya cha Kiswahili kizuri kikimzunguka.

Niliwakuta wote sebuleni. Video ya kipaimara ilikuwa imefika, na nyumba zetu mnazijua: mgeni hawezi kufanya lolote, hata kuua, kabla hajaangalia video. Nikapewa soda na kiti. Ma Koku alikaa chini, mbwa kwenye mapaja yake, na mkono ameuweka juu ya macho ya mbwa. Salamu yangu hakuiitikia.

Tukamwona Jema kanisani na gauni jeupe. Tukaiona keki kutoka pande zote. Tukamsikia Ferdinand akihutubia mpaka mpiga video mwenyewe akachoka akaenda kupiga picha za maua. Halafu ikaja meza ya wanakamati. Ferdinand amesimama, shati limetoka, kichwa kizima cha sangara mkononi, anasema kwa sauti, "Huyu mbwa mama yangu anasema ana mwiko wa samaki! Mmeona wapi? Haya, mwiko, njoo tukuone!" Kichwa kikarushwa, mbwa akakidaka hewani, wanakamati wakapiga makofi. Mpiga video alikuwa amelipenda sana tukio hilo. Akalipunguza mwendo, akalirudia mara tatu, na mara ya mwisho akamwaga juu yake mawaridi mekundu na wimbo wa shukrani.

Mama Jema akazima televisheni.

Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba hatua ile ya mwisho ya kipimo, ambayo sikuthubutu kuifanya, imefanywa kikamilifu na mwenye nyumba, mbele ya mashahidi. Sikulisema. Haikuwa zamu yangu.

"Mama," akasema Ferdinand. "Ulikuwa utani. Mbele ya watu, unajua tena."

"Hukunikosea mimi," Ma Koku akajibu. "Mwenye omuziro ni huyo."

Ferdinand akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Akamgeukia mbwa. "Haya, samahani, Hayawahusu."

Mbwa akamtazama Ma Koku.

"Hakijui hicho Kiswahili chako," mama akasema.

Ferdinand akanigeukia. "Dakta, si umweleze?"

Nikamwambia hapo mimi sina dawa.

Basi akachuchumaa, mjumbe wa kamati zote, suruali ya kunyoosha imekaza magotini, akaanza kwa Kihaya. Alitafuta neno la kwanza kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. La pili lilipotoka, Ma Koku akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. "Hapo amemwomba mbwa amuoe," akatufafanulia, machozi yakimtoka kwa kicheko. Ferdinand naye akaangua kicheko, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha mtoto. Akaanza upya. Mama akamsahihisha. Akarudia. Akamaliza sentensi, mbwa akapiga mkia sakafuni mara moja, akatulia.

Nilidhani yameisha. Lakini Ferdinand hakuinuka. Alimuuliza mama yake kitu, kwa lugha ile ile, polepole. Ma Koku akamjibu. Akauliza tena, na katika maneno nisiyoyaelewa nikalisikia jina la baba yake. Mama akamtazama usoni, kisha akaanza kuongea, akaongea sana. Ferdinand akaacha kuchuchumaa, akaketi kabisa kwenye mkeka.

Nikamnong'oneza Mama Jema: sungura na viazi tena, na samaki basi, maisha yake yote. Akaitikia kwa kichwa bila kuwaondolea macho wale wawili. Nikachukua mfuko wangu, sindano ikiwa ndani ya karatasi lake, nikainuka. Kwetu mgeni husindikizwa, japo mpaka getini, na asiyesindikizwa ana haki ya kununa. Mimi nilijifungulia geti mwenyewe. Kutoka kule ndani nilikuwa bado nikimsikia Ferdinand akikosea neno, mama yake akimrudishia, naye akilisema tena.